Sala Yangu Ukutani

Miaka ile Guangzhou ilipokuwa ikijaa wafanyabiashara kutoka Afrika, nilikuwa nikitoka Mwanza kwenda kununua jinzi Xintang, mji wa viwanda jirani na Guangzhou, kwenye karakana ya wanawake wawili. Waliniambia ni ndugu, nami nikawaita dada mkubwa na dada mdogo, ingawa hawakufanana hata pua. Mkalimani wangu alikuwa binti wa Kichina aliyesomea Kiswahili chuoni. Kupitia kwake tulipatana bei, tukataniana, tukaulizana habari za nyumbani.

Safari moja nilimkuta pale rafiki wa mkalimani, mwanamke mwenye kamera. Nikadhani wanatengeneza tangazo la karakana, nikakubali kurekodiwa. Siku hiyo dada mdogo alikuwa amevimba macho. Mkalimani alinieleza kwamba baba alikuja kutoka kijijini kumtaka huyo mdogo arudi akaolewe. Mimi ni mtu wa kanisa. Nikawawekea wote wawili mikono kichwani, nikaomba kwa sauti, naye akawa anatafsiri. Wakalia, wakanikumbatia. Niliondoka nikijisikia nimefanya kazi ya Mungu.

Nilipokwenda tena, mkalimani akanialika kutazama filamu ya yule rafiki yake, Jumapili baada ya ibada. Ilionyeshwa kwenye chumba juu ya mgahawa wa kahawa, mapazia yamefungwa, ukuta mweupe ndio skrini. Alisema filamu za namna hii haziendi kwenye kumbi za sinema. Watu huitana kwa simu. Sikuuliza kwa nini.

Nilipoona vyerehani vya Xintang nilifurahi. Halafu dada mkubwa akaitazama kamera akaongea, na mkalimani akaninong'oneza: "Anasema, sisi si ndugu. Tulisema hivyo ili tupangishwe chumba. Sisi ni wapenzi."

Nilidhani Kiswahili kimemponyoka. Nikamwambia arudie, akarudia vilevile. Pale ukutani dada mkubwa alikuwa akimsuuza mwenzake nywele kwenye beseni, taratibu, kama mtu aoshaye mtoto mchanga, nami sikujua niangalie wapi. Huko kwetu jambo hilo nililisikia likikemewa madhabahuni tu. Sikuwahi kulipa sura ya mtu ninayemfahamu.

Kabla sijapata pumzi nikajiona mwenyewe, kitenge changu na mikono yangu juu ya vichwa vyao. Sauti yangu ikajaa chumbani: "Baba, wape hawa mabinti waume wema, kila mmoja na nyumba yake."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikangoja watazamaji wacheke. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wakisoma maandishi ya Kichina chini ya picha, na kijana mmoja mbele yangu akavua miwani akajifuta macho. Nikamgeukia mkalimani. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Pameandikwa nini?"

"Wazeeke pamoja, chini ya paa moja," akasema. "Ndivyo nilivyowatafsiria siku ile, dada. Baba wa yule mdogo alikuwa ametoka kumpiga. Nisingeweza kuwaambia ulichosema."

Hasira ilinipanda. Alikuwa amenitia maneno kinywani mbele ya Mungu na mbele ya kamera. Nikasimama niondoke, taa zikawashwa, na kumbe wale wawili walikuwa wameketi nyuma kabisa. Dada mkubwa akaja moja kwa moja, akanishika mikono yote miwili. Mkalimani alitafsiri: mama mzazi wa dada mkubwa alikwisha kumkana, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwabariki.

Kusema ukweli kungechukua sentensi moja. Niliitafuta, nikamtazama usoni. Nikasema asante.

Niliendelea kununua kwao mpaka walipohamishia karakana mji mwingine. Yule mkalimani nilimnunia safari nzima, kisha nikarudi kufanya naye kazi, kwa sababu hakuna aliyenijua vizuri zaidi pale mjini. Kanisani kwangu sijamsimulia mtu. Nimejaribu mara nyingi kuiomba upya ile sala, kwa maneno yangu ama kwa maneno ya mkalimani, na mpaka leo huwa naishia kwenye kuwataja wale wawili tu.