Mchanga wa Mto Haukubebwa

Juma lililopita nilikuwa katika ofisi moja ya serikali kule Tawa, nikingoja zamu yangu. Mbele yangu bwana mmoja mwenye suti aliweka karatasi mezani na kuigonga kwa kidole. Alitaka kibali cha kuchota mchanga mtoni kwa malori.

Afisa wa maji, msichana aliyezaliwa baada ya uhuru, aliisoma hadi mwisho, kisha akamrudishia kwa mikono miwili.

"Hapana, mzee."

"Ni mchanga tu, msichana wangu. Mvua ikinyesha utakuja mwingine."

"Kwetu tulikuwa tunafukua mchanga mtoni, tunapata maji," akasema bila kupaza sauti. "Malori yaliumaliza, maji nayo yakapotea. Nikiwa darasa la tatu nilikosa shule muhula mzima, natafuta maji na mama. Hakuna mtu aliyekuwa ametuuliza. Mimi nimewauliza wanaochota maji hapo. Wamekataa."

Bwana akadai kuonana na mkubwa wake. Mkubwa akatoka, akaisoma ile karatasi, akasema, "Akisema hapana, ni hapana."

Bwana yule alipoondoka, mama mmoja mwenye kiondo aliinuka, akampa afisa mkono. "Asante, mwaitu," akamwambia, yaani mama yangu, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na umri wa kumzaa afisa.

Wengi wetu tuliokulia kwenye kiu tulisoma ili tuikimbie. Huyu alisoma ili arudi kuizuia. Safu hii imezoea kulalamikia maofisa. Leo sina la kulalamika, na sijawahi kufurahi hivi kukosa la kuandika.