Mvinyo wa Mzee Zurab

Harufu ya mkate wa jibini ukitoka kwenye oveni hunirudisha Buffalo, Marekani, kwenye nyumba ya mbao tuliyopanga nilipokuwa na miaka tisa. Sisi tulikaa chini. Juu alikaa Mzee Zurab, mtu wa Jojia, nchi inayopakana na Urusi. Nilidhani ni ile Jojia ya Atlanta, jimbo la Marekani, nikashangaa mbona Kiingereza kinamsumbua kuliko Mama.

Yeye na Mama walifanya kazi pamoja, wakifua mashuka ya hospitali. Jumamosi moja alitualika kwenye karamu ya kwao. Baba alikuwa kazini. Mama akaniambia, “Tutakula, tutashukuru, tutashuka.”

Sahani zilipandiana mezani: mkate wa jibini, biringanya zilizoviringishwa na kitunguu saumu, vifuko vya unga vyenye nyama na mchuzi ndani. Kimoja nilikichoma kwa uma, mchuzi wote ukanimwagikia. Lakini hakuna aliyekunywa ovyo. Mzee Zurab alisimama, akasema maneno marefu, ndipo wengine wakainua glasi za mvinyo. Alipofika kwenye maneno ya kuwakumbuka marehemu, kila mgeni alitaja wake. Zamu ikamfikia Mama.

Kanisani kwetu pombe ilikuwa dhambi, basi. Mama aliinuka, akashika glasi, akataja polepole majina ya kaka zake wanne waliouawa kule milimani kwetu, Kivu Kusini. Sikuwahi kuyasikia. Kisha akanywa yote.

Kwenye ngazi akasema, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake, “Donc, hii tunaiacha huku juu. Umesikia?”

“Okay, Mama.”

Kesho yake, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili aliuliza nani ana mtu wa kuombewa. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, nikaeleza kila kitu, nikijiona mtakatifu.

Wazee wa kanisa walimtoa Mama kwenye kwaya, wakamkalisha benchi la nyuma miezi mitatu. Hakunipiga. “Bon,” alisema, “umesema ukweli.” Mzee Zurab alipotualika tena, Mama alijibu kwamba amechoka, mpaka yule mzee akaacha kualika.

Nilidhani nimemwokoa Mama na mvinyo. Utu uzima ndio umenionyesha kwamba katika miaka yetu yote Buffalo, ni meza ile peke yake iliyomuuliza amepoteza nani.

Mwaka jana nilimwomba Mama anitajie majina ya wajomba zangu, niyaandike. Aliendelea kukunja nguo.

“Nilishayasema,” akajibu. “Na wewe ulikuwepo.”

Nilikuwepo. Nakumbuka majina mawili tu, na la pili sina hakika nalo.