Msimpe Zuwena Tuzo Yenu ya Makadeti

Bado akili inakataa. Leo asubuhi nimeshika simu kumuuliza Zuwena kama atanipitia, ndipo nikakumbuka kuwa Jumanne tumemzika.

Kwa msiomjua: alikuwa mwalimu wa hisabati, na kwa miaka mingi tumefundisha shule moja hapa Maskati, meza zetu zikitazamana. Aliamka na maumivu ya kifua. Hospitali hakufika.

Naona shule nayo inaomboleza. Wameweka bango zuri, njiwa mweupe, maandishi ya dhahabu: "Tumepoteza nguzo." Nimecheka, Mungu anisamehe. Nguzo yenyewe walikuwa wameisimamisha kwenye maegesho ya magari.

Wacha niwaeleze ilifikaje huko.

Kila mwaka tuna hafla ya kuwapongeza wanaomaliza. Waliopata ufadhili wa chuo cha kijeshi hukaa jukwaani na mikanda ya satini mabegani, wakipigiwa ngoma. Wengine wote, wa uuguzi, wa ualimu, wa uhandisi, husomwa kwa mkupuo kama vitu vya kununua sokoni.

Zuwena hakuwa na ugomvi na jeshi. Nusu ya makadeti hao kawafundisha yeye. Baada ya alasiri walijaa nyumbani kwao Sib, wakihangaika na maswali ya mtihani wa kuingia chuo, huku mamake, Bi Nasra, akiwaletea vitumbua.

Mmoja wao alikuwa Talib, kijana wa Al Amerat. Alifaulu mitihani yote, akatangazwa, akafanya rehearsal ya hafla na wenzake. Siku chache kabla, majibu ya daktari yakatoka: macho yake hayafai. Nafasi ikapotea.

Kwa kijana yule, hilo peke yake lilikuwa msiba. Kamati yetu tukufu ikaona halijatosha. Siku ya hafla wakaondoa kiti chake jukwaani bila kumwambia mtu. Akaambiwa mlangoni, mbele ya mamake na bibi yake aliyeshonewa nguo mpya: "Leo wewe ni mgeni tu. Kaa nyuma."

Aliyesema hivyo ni mratibu wa hafla. Simtaji. Anajijua, na ana-view story zangu zote.

Zuwena alimuuliza sababu. Akajibiwa kuwa ni suala la protocol, mgeni rasmi ni mkubwa wa jeshi, itakuwa aibu.

"Aibu ya nani?" akauliza. Hakungoja jibu.

Alirudi na kiti cha computer lab, kile chenye magurudumu, anakisukuma katikati ya ukumbi kinapiga kelele mwanzo mpaka mwisho. Akakipandisha jukwaani, akakipanga na vingine.

"Talib, baba, njoo ukae. Mtihani umefaulu, na mie ndo nliyekusomesha."

Mratibu akamfuata mbio. "Ustadha, hiki hakimo kwenye programme."

"Basi kiandike."

Talib akakaa. Mgeni rasmi alipofika akawapa wote mkono, Talib akiwemo, akatabasamu kwa kamera, akauliza maji yako wapi. Wakubwa wetu walitetemeka wiki nzima kwa ajili yake, na mtu mwenyewe hata viti hakuvitazama.

Mwaka uliofuata ikaja email. Zuwena kahamishiwa "logistics". Tafsiri yake: asimame nje na kizibao cha kung'aa, awaonyeshe wazazi pa kuegesha. Ikawa hivyo kila mwaka mpaka hafla yake ya mwisho.

Yeye alifanya mzaha. "Nimepandishwa cheo, shoga. Nnaamrisha magari makubwa makubwa na yananitii."

Siku moja tu aliniambia ukweli, tukiwa garini tunarudi. "Inaniuma. Wanafunzi wangu wanapanda jukwaani, mie nasikia makofi kutoka nje."

Na nyinyi mliokuwa mkimpita pale, vioo juu, AC inavuma, leo mnaandika "mwalimu wa taifa". Hata salamu mlikuwa hamumpi.

Sasa sikilizeni la jana. Siku ya tatu ya azaa, yaani matanga, mkuu wa shule kaja upande wa wanawake na wenzake wa kamati. Akasema wameamua kuwa kuanzia mwaka huu kadeti bora atapewa Tuzo ya Ustadha Zuwena. Wanaomba ridhaa ya mama, na picha "ya furaha". Mimi nimepangiwa kusoma tribute. Iwe fupi, akasisitiza.

Bi Nasra akaniinamia. "Ndo hawa walomsimamisha mwanangu juani?"

"Ndio, Mama."

Akangoja mgeni amalize kahawa yake, maana nyumba ile ina adabu. Kisha akasema, sauti haijapanda hata kidogo:

"Ahsante kwa kuja. Jina la Zuwena nlimpa mie na marehemu babake. Miaka yote mlikuwa nalo, kwenye sherehe zenu hamkulitaja. Basi msilitaje."

"Mama, hii ni heshima kwake."

"Heshima alikuwa nayo. Kaondoka nayo."

Mkuu akanitazama mimi, nimwokoe. Nikamjazia kikombe.

Kwa hiyo mkiona bango jipya lenye jina lake, jueni mamake hakuridhia, na mimi sitasoma chochote. Share mpaka liwafikie wazazi.

Shoga yangu, nimeambiwa Talib alibeba jeneza lako kutoka mlangoni kwenu mpaka makaburini, kila aliyetaka kumpokea akamkatalia. Mungu akupanulie kaburi lako, akusamehe, na sisi atusamehe tuliokuacha ukisimama pale peke yako.

Jina lako hatukuwapa. Pumzika sasa, mwalimu.