Kompyuta Moja, Python Moja

Siku niliyoripoti kazini Dodoma, ofisi ya mifugo, Mkuu wa Kitengo wa wakati huo, mama mkali asiyependa maneno mengi, alinionyesha seva moja, kompyuta inayohudumia ofisi nzima, akasema, "Hii ikifa, na wewe huna kazi." Nilikuwa nimetoka kituo cha Kongwa, ambako chanjo za ng'ombe tuliziandika kwenye daftari. Nikaandika programu ya kuzitunza na kutoa vyeti, kwa Python, lugha ya kuandikia programu, toleo la pili.

Toleo la tatu, hili mnalolijua nyinyi vijana, halikuielewa programu yangu. Jina la lugha ni lile lile, sarufi imebadilika. Basi, kwa kuwa programu mpya zilitaka la tatu, nikayaweka yote mawili kwenye seva, kila programu na folda yake, toleo lake na maktaba zake, yaani misimbo ya watu wengine ambayo programu iliitegemea. Leo mnafanya hivyo kwa amri moja na kujiita wataalamu. Mimi nilipanga kila kitu kwa mkono, na hayakuwahi kugongana.

Kisha akaja Mkurugenzi mpya, mtu wa ukaguzi wa vifaa. Akapitia orodha ya seva.

"Mzee, Python mbili za nini?"

"Ni matoleo tofauti, Mkurugenzi. Chanjo zinategemea la zamani."

"La zamani ni chakavu. Kompyuta moja, Python moja."

Nikamwandikia dokezo kupinga. Likarudi na neno moja: "Tekeleza." Nilibakiza miaka miwili nistaafu, nikaogopa. Nikalifuta la zamani mwenyewe, pamoja na maktaba zake.

Kesho yake vyeti havikutoka. Kumbukumbu zilikuwepo, ila hapakuwa na cha kuzifungua, na baadhi ya maktaba zile hazikupatikana tena. Barua ya onyo nikapewa mimi. Mkurugenzi akapanda cheo, na mpaka leo nikimwona kwenye runinga naizima.

Nimestaafu, nipo Msalato, na barua ile nimeshaizoea. Nisichokizoea ni siku ya mnada, nilipotumwa Kongwa kutoa maelezo. Mzee mmoja wa Mlali alikuwa amezuiwa kuuza ng'ombe wake kwa kukosa cheti. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, si mliwachanja nyinyi wenyewe? Mmesahau?"

Ningeweza kumwambia kwamba nimefuta mimi. Nikamwambia mtandao unasumbua, arudi wiki ijayo. Akanishukuru, akawaswaga ng'ombe wake kurudi Mlali.