Kitako cha Bunduki na Shati Lisilo na Mgongo

Wiki iliyopita nilisimama katika duka la viatu pale Adams Arcade, mguu mmoja ndani ya kiatu kilichonibana vidole, na kijana muuzaji akanitazama kwa huruma ya kibiashara. "Chukua tu, mathe," akasema. "Mguu itazoea." Nilikivua, nikamrudishia, nikatoka. Hakujua, wala sikuwa na haja ya kumweleza, kwamba nililelewa na mtu ambaye maneno hayo yangemnyima usingizi. Baba yangu alikuwa fundi wa vitako vya bunduki.

Kitako, msomaji wangu, ni ile sehemu ya mbao inayoegemea bega la mpigaji, mahali ambapo shavu lake hulala anapolenga. Miaka ya sabini ilipokuwa ikianza, uwindaji ulikuwa bado halali, na katikati ya jiji la Nairobi palikuwa na duka la bunduki lenye karakana ndogo uani. Humo ndimo baba alimoshinda na randa, patasi na tupa zake. Jioni alirejea Kangemi, tulikopanga vyumba viwili vya mabati, akinuka mafuta ya kitani na vumbi la mbao. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Kazi yangu ilikuwa kuwasha jiko kwa maranda aliyoyaleta mfukoni, kumsaidia mama kuchambua mrenda, kisha kuandika vipimo vya wateja katika daftari, kwa maana mikono ya baba iliijua mbao kuliko ilivyoijua kalamu.

Alinifundisha mambo ambayo sikuyapata shuleni. Urefu wa kitako, alisema, hupimwa kutoka kwenye kiwiko kilichokunjwa hadi kwenye kidole kinachofyatua. Kikiwa kirefu, hukwama kwapani. Kikiwa kifupi, dole gumba hugonga pua na bunduki ikilia hulipiga bega badala ya kulisukuma. Nyumbani alikuwa na bunduki ya mbao tupu, isiyoweza kumdhuru hata panya, ambayo alimpa mtu na kumwambia: funga macho, inua, weka begani, sasa fungua. Jicho likiikuta shabaha papo hapo, kitako ni chake. "Ukinyoosha shingo kuitafuta," alikuwa akisema, "basi fundi amekudanganya."

Jirani yetu wa mlango wa tatu alikuwa askari wa wanyamapori. Nyati alikuwa amemkanyaga na kumvunja mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, na ulipounga uliunga vibaya, ukaacha kinundu kama mbegu ya parachichi. Tangu hapo kila alipofyatua bunduki yake ya kazi, kitako kiligonga kinundu hicho, naye akaanza kufumba macho kabla ya mlio. Askari anayefumba macho ni hatari kwake na kwa wenzake. Afisa wake, aliyempenda, alimpa nafasi moja: bunduki ipelekwe mjini ikatiwe kitako cha kumfaa, kisha Jumamosi ya mwisho wa Julai apige shabaha mbele ya wakubwa. Akishindwa, ndio mwisho wa kazi. Alikuwa na watoto wanne huko kwao magharibi mwa nchi, na hakuwa na ujuzi mwingine.

Baba aliikubali kazi hiyo kama mtu aliyepewa mgonjwa wa kuponya. Lakini siku ya kupima, jirani alikuwa anasafiri jioni, na baba hangetoka mjini kabla ya giza. Akaniachia mimi utepe wa kupimia. "Mvue koti kwanza," aliniagiza asubuhi, akinitazama machoni. "Ndipo upime. Siku ya shabaha hatavaa koti."

Mnaijua Julai ya Nairobi: mbingu ya kijivu, ukungu hadi saa nne, kila mtu amejikunyata. Jirani alikuja amevaa koti zito la serikali, lililofungwa vifungo hadi shingoni.

"Baba amesema utoe koti, mzee."

"Hii koti haitoki."

"Lakini amesema—"

"Wewe mtoto, unataka nishikwe na nimonia ndio babako afurahi? Pima hivyo hivyo. Andika."

Alipogeuka kuinua ile bunduki ya mbao, koti lilipanda, nami nikaona. Shati lake la ndani halikuwa na mgongo. Lilikuwa shati la kazi, lile lile lililoraruliwa na nyati. Mbele lilikuwa na kola na mfuko, nyuma lilikuwa na nyuzi tu. Nilielewa mara moja, na nikapima juu ya koti. Usiku baba aliponiuliza, "Alivua?" nilijibu, "Ndiyo." Nilijihesabu kuwa mtoto mwenye adabu.

Kwa siku tisa baba alichonga. Kila jioni alitusimulia: leo amechonga mahali pa kulaza shavu, leo amechimba nafasi ya chuma, leo amepunguza kidogo upande wa kinundu ili uzito ukae kwenye nyama. Jumatano kabla ya jaribio alikuja na furaha, akala ugali wake bila haraka, akasema kilichobaki ni mafuta tu. Kisha akamweleza mama, kwa vidole viwili vilivyokaribiana: "Unene wa hivi tu ukikosea, ule mfupa utavunjika tena."

Nilitazama vidole vile. Nilijua ni unene wa koti.

"Baba," nikasema, "hakuvua."

Baba aliuliza kwa nini, nami nikaona aibu ya jirani yangu ikisimama mbele yangu pamoja na yangu mwenyewe. Nikamwambia habari ya shati. Nilitarajia kofi. Baba alinawa mikono, akaifuta, akasema: "Kosa la kwanza ni langu, kumtuma mtoto kazi ya mtu mzima. La pili ni lako, na utalimaliza mwenyewe. Lakini kwanza mtu huyu apate kitako."

Mama alishauri kipande kiunganishwe nyuma ili kufidia urefu. Baba alitikisa kichwa. Kiungo kingekaa pale pale panapopokea pigo, na yeye hakuwa tayari kumkabidhi mtu mgonjwa kitu chenye ufa uliofunikwa. Angechonga kingine, kwa siku mbili.

Jirani alikuwa amesharejea safarini, nasi tukamwita jioni ile ile. Aliingia na koti lake, vifungo vyote mahali pake. Baba hakumwambia neno kuhusu koti. Alivua shati lake mwenyewe, katika baridi ile, akalitupa kitandani, akabaki kifua wazi.

"Jirani, nimekosea kipimo. Hiki cha sasa ni cha ngozi tupu. Mimi nimeanza."

"Fundi, umerogwa? Na hii baridi?"

"Vua, tuchekane vizuri."

Mama alinitoa nje. Nilikaa kizingitini na daftari, nikiandika namba alizozitaja baba kupitia mlango uliorudishwa, na kati ya namba na namba niliwasikia wanaume wawili wakitetemeka na kutaniana: huyu mbavu zake kama kinyago cha sokoni, yule tumbo lake kama kibuyu. Mama naye alilichukua lile shati la jirani kana kwamba analiondoa njiani. Liliporudi kwa mwenyewe lilikuwa na mgongo, ingawa mgongo wenyewe ulikuwa wa pazia letu la zamani, lenye maua mekundu.

Asubuhi baba alikwenda kwa tajiri mwenye duka, akamwambia kwamba kipimo kilikosewa na kwamba aliyekosea ni yeye. Alipewa ubao mwingine, na onyo. Alhamisi na Ijumaa alifanya kazi kama mtu anayezima moto. Nilipompelekea chakula baada ya shule nilimkuta vidole vinatoka damu, na hakusimamisha tupa alipokuwa akinisalimu. Ijumaa jioni jirani alifika karakanani akiwa na shati la maua. Alifunga macho, akainua bunduki, akaiweka begani, akafungua. Hakunyoosha shingo.

"Imenijua," akasema polepole.

Jumamosi ilikuwa ndefu. Baba, ambaye siku hiyo hakuwa na kazi, alinoa patasi ambazo zilikuwa tayari kali. Kabla ya jua kuzama jirani aliingia uani, akaupita mlango wake mwenyewe, akaja kwetu. Alifungua vifungo vya shati mbele ya mama, mbele yangu, mbele ya wapangaji waliokuwa wakiteka maji, akalitoa bega lake lenye kinundu.

"Tazameni. Hata alama hakuna. Risasi kumi, zote kwenye shabaha, na kazi bado ninayo! Wenzangu wamecheka mgongo wangu mpaka wakakaa chini. Baada ya ile ya tano wakanyamaza."

Watu walipiga vigelegele. Baba alilishika bega lile, akalikagua kama anavyokagua mbao, kisha akanitazama, nami nikajua kwamba zamu yangu imefika. Nilimwendea jirani na kumwambia kwamba mimi ndiye niliyesema amevua koti, na kwamba nilidanganya kwa ajili yake, ili asiaibike.

Aliniangalia bila hasira.

"Hapana, binti," akasema. "Ulidanganya kwa ajili yako. Uliogopa mimi kukukasirikia. Ungekuwa umeniogopea mimi, ungesema."

Miaka michache baadaye uwindaji ulipigwa marufuku, duka likafungwa, na baba akamaliza siku zake akitengeneza vitanda. Silaumu sheria, wanyama walistahili kupumzika. Vile vyumba vya Kangemi vimekuwa ghorofa, na wapangaji wake hawajui jina la aliye mlango wa pili. Kile kitako sijui kiliishia wapi. Huenda kilirudi kwenye ghala la silaha na bunduki yake, kikangojea bega ambalo halikuwa lake. Katika maisha yangu nimesifiwa adabu na watu wengi, walimu, wakubwa wa ofisi, wazee wa kanisa, nami nimewashukuru wote. Ni mmoja tu aliyewahi kuniuliza, kwa namna yake, adabu hiyo ilikuwa inamlinda nani. Aliniuliza akiwa bado hajafunga vifungo, upepo wa Julai ukimpiga kifuani, na hakujikunyata.