Kivuli cha Mke wa Jua

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana duka la kutoa kopi mbele ya ofisi ya vyeti. Wateja wanamwita Mama Vivuli, maana kutwa anatoa nakala kivuli, na kutwa anasimulia. Mashine ikitafuna karatasi, atakwambia ni mzuka wa karani aliyekufa kabla ya kugonga muhuri wake wa mwisho. Hadithi za miungu ya Kihindu alizipata kwa mzee wa Kihindu aliyemfundisha kujalidi vitabu, lakini hairudishi hata moja kama alivyopewa.

"Hadithi si cheti," husema. "Haina halisi."

Nilipokwenda kumuuguza mama yangu, nilimwachia binti yangu wa miaka sita. Nikakaa miezi minne. Niliporudi, mtoto alinipokea kama mkaguzi: shikamoo, basi. Hakuniita mama. "Wewe, maji yamechemka." Nikajipa moyo, atazoea. Nikamnunulia viatu. Akimwaga chai nasema, "Si neno, mwanangu." Lakini roho ilikuwa juu juu. Namchungulia mlangoni, naye nakuta ananichungulia.

Asubuhi moja nimeinama nafua, nikahisi vidole mgongoni. Ananipapasa polepole, kama anayetafuta upele.

"Unatafuta nini?"

"Alama ya kalamu."

"Kalamu gani?"

"Shangazi anasema karatasi halisi ukiipapasa nyuma, kalamu imeacha alama. Kivuli ni laini." Akashusha mkono. "Wewe ni laini."

Niliacha nguo kwenye beseni, nikamshika mkono moja kwa moja hadi dukani.

"Wifi! Umemwambia nini mwanangu?"

Hakuinua hata macho. "Salamu zimekwisha?"

"Nijibu!"

"Nimemsimulia mke wa jua. Mume alikuwa moto, hatazamiki. Mke akachoka, akakiacha kivuli chake kilee watoto, mwenyewe akaenda kwa baba yake. Kivuli kinapika, kinafagia, hakuna aliyeshtuka."

"Na watoto walijuaje?"

Dereva mmoja, aliyeleta leseni yake itolewe kopi, akadakia: "Hiyo naijua. Kile kivuli kilikuwa kikali, kikamlaani mtoto."

"Hiyo ya kwako," wifi akamkata. "Ya kwangu, kivuli hakigombi. Mtoto akivunja kikombe, kinasema si neno. Kitaumia nini, kwani mtoto ni wake?"

Nikashika ukingo wa meza.

"Wifi," akasema, sasa kwa sauti ya chini, "ulikuwa ukifoka mtaa mzima unakusikia. Tangu urudi umekuwa mpole kama bibi harusi kwa wakwe. Unamwogopa mtoto?"

"Nimemwacha miezi minne. Nitamgombeza kwa uso gani?"

"Huohuo ulionao."

Tulipokuwa tukibishana, binti yangu alikuwa ameishika chupa ya wino wa mihuri. Kifuniko kiko sakafuni. Akanitazama machoni, akaiinamisha juu ya meza, taratibu kabisa, bila kuniondolea macho. Wino ukatambaa kuelekea leseni ya dereva.

"We mtoto! Una wazimu? Hizo karatasi za watu! Weka chini hiyo chupa kabla sijakufikia! Nimekulea hivyo mimi? Eti? Nimekulea hivyo?"

Dereva alinyakua leseni yake na kurudi nyuma hatua mbili. Koo lilinikwaruza. Miezi yote sikuwa nimeitoa sauti ile.

Mtoto akaangua kilio. "Mama, sitarudia! Mama!"

Wifi alinipa kitambaa. Tukafuta meza sote watatu, mtoto akilia kwa kwikwi.

"Bado umekasirika?" mtoto akaniuliza.

"Bado."

"Na kesho?"

"Kesho tutaona."

Akasogea, akanikumbatia mapaja kwa mikono yote miwili, vidole vyeusi tii kwa wino. Sketi yangu ilikuwa nyeupe. Nikafungua mdomo nifoke tena, nikatazama chini. Alikuwa ameinua uso, ananisubiri.