Ukuta wa Mwisho, Kiritiri

Mimi hakuna kitu kingeweza kunishangaza tena. Mtu aliyeacha shule darasa la nne, akabeba mikungu ya ndizi sokoni Gakoromone mpaka shingo ikaota sugu, halafu akashika brashi bila kufundishwa na mtu, hata maharusi wa Meru na Embu wakapanga foleni kupigwa picha mbele ya kazi yake, huyo ameona yote. Nilidhani hivyo.

Kazi yangu ilikuwa kuchora nchi. Sura za watu niliwaachia wachoraji wa vinyozi. Nilichora mlima, mabonde, mashamba ya chai, moja kwa moja kwenye kuta za hoteli na bucha, nikiwa nimesimama naitazama nchi yenyewe asubuhi, kabla mawingu hayajafunika theluji. Gazeti la Nairobi lilinitoa ukurasa mzima. Mzungu mmoja aliniuliza nilisomea wapi, nikamwonyesha macho yangu.

Miaka ya tisini ilipofika katikati, ikaja kampuni ya sabuni. Walikuja na lori, wakampa kila mwenye duka kitu ambacho hakuna mtu wa soko amewahi kukataa: rangi ya bure, wapakaji wa bure, na katoni ya sabuni juu. Bucha ya Gakoromone ilienda kwanza. Nilipita nikakuta mlima wangu umekuwa bluu tupu, na pakiti ya sabuni kubwa kuliko ng'ombe. Mwenye bucha akaniambia nisikasirike, sasa duka linaonekana safi. Zikafuata kuta za Nkubu, Chuka, Runyenjes, Embu mjini. Niliteremka na barabara hiyo kama mtu anayezika watoto wake, na njiani watu bado wananiita msanii mkubwa. Mkubwa wa nini? Huwezi kumwonyesha mtu ukubwa uliopakwa rangi juu.

Ukabaki ukuta mmoja, Kiritiri, kwenye hoteli ya mama mmoja aliyeuza chai na ndengu. Pale nilikuwa nimechora bonde la kwetu, upande wa Gachoka, migunga imesimama mpaka mtoni, na mlima kule nyuma, mdogo, mweupe. Bonde lenyewe lilikuwa limeshakatwa likawa makaa. Mtu akitaka kuliona, ilibidi aje anywe chai kwa mama.

Nilimkuta ameshakubaliana na watu wa sabuni. Nilimsihi. Alinisikiliza akichambua ndengu zake.

"Baba, picha yako ni nzuri, lakini imechubuka," akasema. "Wateja wananiuliza kama nimefunga hoteli. Kama unaipenda hivyo, ibebe."

Alikuwa anatania. Mimi nilishika neno hilo. Nilikuwa najenga nyumba Meru, na ukuta ule ulikuwa wa mawe. Mawe hutolewa moja moja. Nitayaandika nambari kwa chaki, nikodi lori, niyapange tena kwangu. Mama alipoona sicheki, akasema sawa, mradi nikitoa ukuta nimrudishie ukuta.

Nikaleta fundi wa mawe, mtu wa rika langu, tuliyetahiriwa naye pamoja. Akagonga ukuta kwa kidole, akainamisha kichwa.

"Hebu nitoboe kidogo hapa chini nione."

"Utoboe uone nini? Mawe si hayo?"

"Nayaona. Lakini macho mimi huyaamini kiasi."

"Huu ukuta nimeusimamia miezi nikiuchora. Utanifundisha ukuta wangu?"

"Haya, bwana mkubwa. Leo mimi ni wa kutumwa."

Akaweka patasi kwenye mstari wa kwanza kati ya jiwe na jiwe, akapiga. Patasi haikusimama. Iliingia kama kisu kwenye ugali, ikatoka na udongo mwekundu uliochanganywa na nyasi. Hapo ndipo nilipokumbuka. Ukuta ulikuwa wa udongo, juu yake simiti nyembamba kama chapati, na yale mawe yaliyoonekana chini na kandokando ya picha, mistari yake na vivuli vyake, niliyachora mimi mwenyewe. Mama hakuwa na pesa za mawe, na alitaka hoteli yake ifanane na za Embu mjini. Siku hizo kila mtu alitaka hivyo. Nilichora mawe kwenye kuta nyingi hata sikuyaona kama kazi. Brashi yangu ilinidanganya mimi.

Fundi hakucheka. Afadhali angecheka. Ufa ulipanda kutoka kwenye patasi, ukavuka mto, ukapita katikati ya migunga, ukafika mlimani. Tukaruka nyuma. Ukuta ukakaa chini taratibu, na paa la mbele likaufuata, na kabati la vikombe.

Nilipiga magoti kwenye vumbi nikitafuta. Nilipata vipande vya saizi ya kiganja. Ukikishika kimoja, simiti inamwagika, unabaki na ngozi ya rangi. Mama akaniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana.

Ukuta mpya niliujenga kwa mawe ya kweli. Mama, kwa huruma, akaniambia nichore bonde upya, watu wa sabuni watasubiri. Nilikwenda asubuhi kadhaa na brashi. Mimi huchora ninachokiona, njia nyingine sijui, na nilichokiona ni visiki na moshi wa makaa. Nikafunga makopo. Siku hizi nauza rangi, na nauza kuliko mtu yeyote Meru, lakini nchi sijachora tena. Watu wa sabuni waliupaka ukuta ule bluu kabla simiti haijakauka vizuri. Mawe, simiti, mabati, vikombe vya mama na malipo ya fundi, vyote kutoka mfukoni mwangu: shilingi elfu ishirini na tatu, mia sita na hamsini.